Kutafuta Ufadhili wa Masomo Bila Kudanganywa

SOMO LA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Yeremia 29:4-14, Danieli 1:3-20, Luka 14:28-30, Matendo 8:18-21



Kila mwaka matokeo ya S6 yanapotoka, nyumba yangu hujaa vijana. Mmoja ana karatasi ya matokeo mkononi, mwingine ana ujumbe katika simu, mwingine amekuja na mama yake. Wote wana swali moja: "Baba Mchungaji, tutapata wapi bursi?" Hao wanaosema "basari" wanauliza jambo lile lile. Katika somo hili nitajibu swali hilo kadiri ninavyojua. Lakini kwanza nina ungamo.

Mwaka 2011 nilikuwa bado nasoma chuo cha Biblia. Mtu mmoja aliyevaa suti alikuja katika makazi yetu akasema ana nafasi za kusoma theolojia ng'ambo. Alitaka shilingi 300,000 za "kufungua faili". Niliuza mbuzi wangu wawili, na ndugu wa kanisa wakanichangia zilizobaki. Baada ya majuma mawili simu yake haikupatikana tena. Niliona aibu kubwa. Waliponiuliza, niliwaambia nafasi zimejaa. Huo ulikuwa uongo, nami nilikuwa mtumishi wa Mungu.

Miaka miwili baadaye, mama mmoja mjane wa kanisa letu alitoa fedha zote za mahindi ya msimu ule kwa mtu mwenye maneno yale yale, ili mwanawe aende chuo kikuu. Fedha zikapotea. Kama mimi ningesema ukweli, mama yule asingeibiwa. Nilikwenda kwake nikapiga magoti, naye akanisamehe. Lakini nyumba ile ilikula mlo mmoja kwa siku mpaka mavuno mengine. Ndiyo sababu ninaandika somo hili. Kunyamaza kwa aliyeibiwa ni shamba la mwizi.

1. BARUA KWA WALIOHAMISHWA

Wengi wetu tunapenda Yeremia 29:11. Tumeiandika ukutani na kwenye kalenda. Lakini tukumbuke kwamba aya hiyo imo ndani ya barua, na barua hiyo iliandikwa kwa watu kama sisi, watu waliotolewa kwao wakapelekwa Babeli. Katika aya ya 5 hadi ya 7 Mungu anawaambia wajenge, wapande, waoe na kuolewa, na wautakie mema mji walimo. Maana yake, maisha yasisimame kwa sababu tuko ugenini. Kusomesha watoto ni sehemu ya kujenga na kupanda.

Sasa soma aya ya 8 na ya 9. Hapo ndipo tunaporuka. Mungu anawaonya watu wale wale juu ya wadanganyifu waliokuwa katikati yao, waliosema kwa jina lake maneno ambayo yeye hakuwatuma kuyasema. Ahadi na onyo ziko katika barua moja. Tukishika ahadi na kuacha onyo, tumesoma nusu ya barua. Mtu aliyepoteza nyumba na nchi anatamani sana habari njema, na mdanganyifu anajua hivyo.

2. NAFASI ZA KWELI ZIPO

Wapendwa, msivunjike moyo mkadhani kila ufadhili ni uongo. Ziko nafasi za kweli, ingawa ni chache kuliko wanaozitafuta. Mwaka 2019 UNHCR ilisema ni kama vijana 3 tu kati ya wakimbizi 100 waliokuwa katika elimu ya juu, ikaweka lengo la kufikisha 15 kati ya 100 mwaka 2030. Hizi hapa ni baadhi ya njia zinazojulikana:

a) DAFI. Ilianza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, na inasimamiwa na UNHCR pamoja na mashirika inayoshirikiana nayo. Imepewa jina la Albert Einstein, mwanasayansi ambaye naye alikuwa mkimbizi: hakurudi tena Ujerumani baada ya Hitler kuingia madarakani mwaka 1933. DAFI humsomesha mkimbizi shahada ya kwanza, kwa kawaida katika nchi iliyompokea. Husaidia ada, vitabu, chakula, malazi na usafiri. Mwombaji awe anatambuliwa kuwa mkimbizi, awe amemaliza sekondari na kufaulu vizuri, asiwe na njia nyingine ya kulipa, na kwa kawaida asiwe amezidi miaka 28 anapoanza masomo. Nafasi hazifunguliwi kila mwaka katika kila nchi, kwa hiyo tuangalie mbao za matangazo.

b) Mfuko wa Mastercard Foundation. Mpango wao wa kusomesha vijana ulianza mwaka 2012. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere ni mmoja wa washirika wake. Shikeni jambo hili: mwanafunzi haombi kwa Mfuko wenyewe, anaomba kwa chuo kilicho mshirika. Anayesema atapeleka jina lako moja kwa moja makao makuu anakudanganya.

c) WUSC ya Kanada. Tangu mwaka 1978 shirika hili linawapeleka vijana wakimbizi Kanada kusoma na kuishi huko moja kwa moja. Wanafunzi wa vyuo vya Kanada wenyewe hutoa mchango mdogo kila mmoja ili kumsaidia mwenzao. Wanaochaguliwa ni wachache sana, na ushindani ni mkubwa.

d) Masomo kwa njia ya kompyuta. Jesuit Worldwide Learning, kazi iliyoanzishwa na Wajesuiti, ilianza mwaka 2010 kufundisha wakimbizi katika kambi kama Kakuma ya Kenya na Dzaleka ya Malawi. Kijana anaweza kusoma akiwa bado na wazazi wake.

e) Vyuo vya ufundi. Tusividharau. Useremala, ujenzi, umeme na ushonaji hulisha familia mapema, na mara nyingine mashirika hulipia mafunzo hayo hapa hapa kwenye makazi.

3. ALAMA ZA UONGO

Pima kila tangazo kwa mambo haya:

Fedha. Huduma zote za UNHCR ni bure, na fomu ya DAFI ni bure. Anayetaka fedha ili "akupitishe" ni mwizi, hata kama anafanya kazi ofisini na ana kitambulisho shingoni. Lakini tutofautishe mambo mawili. Vyuo vikuu vingine vya kweli hutoza ada ya fomu ya kuomba kujiunga na chuo. Hiyo hulipwa kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na unapewa risiti. Hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Ahadi ya hakika. Ufadhili wa kweli una tarehe ya mwisho, una masharti, na mara nyingi una mtihani au usaili. Ukiambiwa umeshinda nafasi ambayo hukuiomba, usifurahi. Uliza.

Anwani. Barua pepe za wafanyakazi wa UNHCR huishia na unhcr.org. Mtu anayejiita wa UNHCR na kuandika kwa anwani ya kawaida ambayo kila mtu anaweza kufungua, usimpe chochote.

Vyeti. Toa nakala. Cheti halisi onyesha, kisha rudi nacho nyumbani.

Siri. Ukiambiwa usimwambie mzazi, mchungaji wala mwenyekiti wa kijiji, hapo pana giza.

Mabinti zetu. Hili naliandika kwa uzito. Mtu anayemwambia binti aje peke yake kwa ajili ya "usaili" nyumbani au kwenye nyumba ya wageni hatafuti mwanafunzi. Anayetaka mwili wa mtu kwa malipo ya msaada ametenda kosa kubwa, na aripotiwe. Wazazi, binti akija kueleza jambo kama hilo, msimgombeze. Msikilizeni, kisha mwende pamoja ofisi ya ulinzi, polisi, au mpige simu ya bure ya malalamiko ambayo namba yake imebandikwa kwenye mbao za matangazo.

Na sisi watumishi. Simoni wa Samaria alidhani kipawa cha Mungu kinaweza kununuliwa, na Petro akamkemea vikali. Mchungaji au nabii anayeomba "mbegu" ili akuombee upate bursi anafanya biashara ile ile. Katika kanisa hili maombi kwa ajili ya wanafunzi hayana bei.

4. TUJIANDAE MAPEMA

Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana waliohamishwa. Walichaguliwa wakasomeshwa miaka mitatu, wakijifunza lugha na elimu ya Wakaldayo. Lakini angalieni: waliochaguliwa walikuwa tayari na maarifa kabla ya nafasi kuja. Nafasi hutangazwa na kufungwa kwa majuma machache tu. Anayeanza kutafuta karatasi siku ya tangazo amechelewa.

Kwanza, majina. Tazama jina lako kwenye cheti cha shule, kwenye kitambulisho cha mkimbizi na kwenye karatasi ya familia ya OPM. Wengi wetu tuna majina matatu kwenye karatasi za Kongo, na mawili tu kwenye kompyuta ya Uganda. Herufi moja ikitofautiana, au mwaka wa kuzaliwa, unaweza kuonekana watu wawili. Omba marekebisho sasa, wakati hakuna haraka.

Pili, vyeti vya nyumbani. Aliyemaliza sekondari Kongo na kupata diploma ya Serikali, ile tunayoiita D6, inabidi apate barua ya ulinganisho kutoka UNEB, inayoonyesha cheti hicho ni sawa na nini hapa Uganda. Kuna ada na kuna kusubiri, basi anza mapema. Tena, ukijaza fomu usiandike tu "nina diploma". Hapa Uganda diploma ni masomo ya chuo baada ya sekondari. Msomaji atadhani umekwisha kusoma chuo, au atadhani unasema uongo. Andika wazi kwamba ni cheti cha kumaliza sekondari.

Tatu, lugha. Kifaransa chetu ni kizuri, lakini fomu na usaili wa hapa ni kwa Kiingereza. Kijana asome na kuandika kila siku, hata ukurasa mmoja.

Nne, barua ya kujieleza. Andika maisha yako mwenyewe kwa ukweli. Usinunue barua iliyoandikwa na mwingine, maana siku ya usaili utaulizwa juu yake. Mimi nikiombwa barua ya ushuhuda nitaandika ninachokijua tu. Msiniombe niandike umri usio wa kweli. Ufadhili uliopatikana kwa uongo unaweza kufutwa mtoto akiwa katikati ya masomo, na itakuwa aibu yake na ya wakimbizi wenzake.

Tano, hesabu. Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kupiga gharama. Ufadhili mwingine hulipa ada tu. Je, chakula, chumba na nauli vitatoka wapi? Familia ikae na kuhesabu kabla ya kukubali.

5. NA ASIYEPATA JE?

Danieli alichaguliwa, lakini vijana wengi wa Yuda hawakuingia katika nyumba ya mfalme. Walilima na kujenga, na Mungu alikuwa Mungu wao pia. Mwana wa yule mama mjane hakufika chuo kikuu. Alifyatua matofali miaka mitatu, kisha akaingia chuo cha ufundi. Leo ni fundi mwashi, na nyumba ya mama yake ameijenga yeye. Mzazi, usimpime mtoto kwa bursi. Kijana, kukosa ufadhili mwaka huu si hukumu ya Mungu juu yako.

AZIMIO LA KANISA

Wazee wamekubaliana kwamba watu watatu, mwalimu mmoja, mama mmoja na kijana mmoja aliye chuoni, watakaa kanisani kila Jumamosi saa tisa alasiri. Mtu yeyote alete tangazo alilopata, wa kanisa letu au wa kanisa jingine. Watalisoma pamoja naye na kuuliza ofisi inayohusika. Hakuna malipo. Na kama umeshaibiwa, njoo useme. Hatutakucheka. Mchungaji wako alitangulia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Mungu aliweka onyo na ahadi katika barua moja (Yeremia 29)?
2. Je, kuna mtu katika kikundi chetu ambaye aibu imemzuia kusema alivyodanganywa? Tutamsaidiaje?
3. Majina ya watoto wetu yanafanana katika karatasi zote? Kila nyumba ikague juma hili.
4. Tunaweza kufanya nini ili binti zetu wawe salama wanapotafuta msaada?

TUOMBE

Ee Bwana, wewe uliyewaona watu wako Babeli, utuone na sisi. Wape watoto wetu bidii na ukweli. Uwafumbue macho wasianguke mikononi mwa wadanganyifu. Na wale wanaotudanganya, wageuze. Katika jina la Yesu, Amina.

Wenu katika shamba la Bwana,
Mchungaji