Betri Ndani ya Mchezo

Huko Marekani watoto wa zamani wa michezo ya video sasa wana mvi, na wengi hawakutupa kaseti zao. Tutazame moja, The Legend of Zelda, iliyotolewa huko mwaka 1987. Mchezo wenyewe umo katika chipu isiyofutika. Lakini majina ya wachezaji, nafasi 3 tu, pamoja na mahali walipofika, hukaa katika kumbukumbu inayohitaji umeme daima. Ndiyo sababu ya betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu. Betri ikiisha, mchezo huchezeka vilevile, ila majina hupotea, pengine la ndugu aliyekwisha kufariki. Fundi aweza kulehemu betri mpya. Lakini akiitoa ya zamani bila kuunga umeme mwingine kwanza, atayafuta majina yale yale aliyoitwa kuyaokoa.