Dondoo muhimu: Shamba la Rufiji na swali la bastola
Ukishika Barabara ya Kilwa kutoka Mtoni, Dar es Salaam, kwenda kulima Kibiti au Rufiji, bastola ya kujikinga na wanyama iache kwenye mawazo. Wawindaji wa tembo hubeba bunduki nzito, kuanzia kaliba ya .375; risasi ya bastola humjeruhi tembo na kumkasirisha tu. Tena kumiliki silaha bila leseni ni kosa zito chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015.

Anayestahili kuogopwa zaidi ni simba. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua zaidi ya watu 560 nchini, wengi wao kusini-mashariki, Rufiji ikiwemo, hasa msimu wa mavuno, Machi hadi Mei. Simba humfuata nguruwe pori shambani, kisha humkuta mlinzi wa mazao amelala kwenye kibanda cha wazi. Kwa hiyo anza na nguruwe: chimba handaki kuzunguka shamba. Dungu, yaani kibanda cha kulindia mazao, liwe refu, lenye kuta na mlango unaofungika. Usiku usitoke kujisaidia peke yako, hata ukiwa na tochi kali. Siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za giza kabla mwezi haujachomoza ndizo mbaya kuliko zote. Simba ana njaa.

Tembo? Zungusha kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali.

Usiingie ndani ya mto; chota maji kwa ndoo yenye mpini mrefu, kwani mamba hungoja palepale mnapozoea kuchota.

Namba ya afisa wanyamapori wa wilaya iwe kwenye simu yako kabla hujapanda basi.