Kuongeza Nguvu ya Toyo Kuukuu: Mambo ya Kupima Kabla ya Kumkabidhi Fundi

Somo hili linamhusu mtumiaji anayemiliki, au anayekusudia kununua, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi. Chombo hiki, ambacho wengi hukiita toyo hata kama kimetengenezwa na kiwanda kingine, kimekuwa mkombozi wa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Wilaya ya Kilolo. Hubeba viazi na mbao kutoka ukanda wa Kidabaga, nyanya kutoka mashamba ya Ilula, na mbolea katika safari ya kurudi. Hata hivyo, chombo kikizeeka hulegea milimani, na mwenyewe hushawishika kumwomba fundi akiongezee nguvu.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza kutambua chanzo cha ulegevu, kutofautisha marekebisho yenye faida na yale yenye madhara, na kufanya makubaliano na fundi kwa namna itakayomlinda.

1. Kwa nini injini hulegea milimani

Injini huchoma petroli kwa msaada wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Katika mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kimo cha kawaida katika ukanda wa juu wa Kilolo, uzito wa hewa inayoingia katika silinda hupungua kwa takriban asilimia 16 ukilinganishwa na ule wa Dar es Salaam. Kwa hiyo injini inayotoa nguvu farasi 12 pwani itatoa takriban 10 tu huku juu, hata ikiwa mpya kabisa. Hasara hiyo ni ya maumbile, wala si kosa la muuzaji.

Ipo hasara ya pili, nayo inaweza kurekebishwa. Kabureta hupima petroli kwa kupitia kijitundu cha shaba ambacho mafundi hukiita jeti. Ikiwa jeti ilichaguliwa kwa hewa nzito ya pwani, huku juu itamimina petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi makavu, na matumizi makubwa ya mafuta. Mwenye chombo hudhani injini imechoka, kumbe inashindiliwa petroli isiyoweza kuungua.

Hasara ya tatu hutokana na uchakavu: ringi za pistoni zilizolika, valvu zisizofunga sawasawa, klachi inayoteleza, na breki zinazokwaruza hata zisipokanyagwa. Hasara hizi huja polepole, kiasi kwamba mwenyewe huzizoea.

2. Marekebisho yanayofaa, kwa mpangilio wake

Kanuni ya kwanza ni kurudisha kilichopotea kabla ya kutafuta cha ziada. Mtumiaji amwombe fundi afuate mpangilio huu, wala asiruke hatua.

Kwanza, chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe. Vumbi jekundu la kiangazi huziba chujio upesi, na injini isiyopumua haiwezi kuvuta.

Pili, magurudumu yainuliwe na kuzungushwa kwa mkono. Gurudumu lisilozunguka kwa wepesi lina breki inayoshika au beringi iliyokufa. Upepo wa matairi upimwe kwa geji, si kwa kupiga teke.

Tatu, nafasi ya valvu na ya plagi zirekebishwe kwa vipimo vya kitabu cha mtengenezaji, kisha mgandamizo wa silinda upimwe. Mgandamizo ukiwa hafifu, hakuna marekebisho ya kabureta yatakayosaidia mpaka ringi au valvu zishughulikiwe.

Nne, ndipo jeti ibadilishwe, kwa kushuka namba moja tu kwa wakati mmoja. Baada ya kila badiliko chombo kiendeshwe kikiwa na mzigo, kisha plagi ifunguliwe. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi huonyesha petroli imezidi. Nyeupe huonyesha imepungua na injini inaungua kwa joto kali.

Hapa pana tahadhari. Barabara kuu inaposhuka Mlima Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, kimo hupungua hadi chini ya mita 700. Chombo kilichowekewa jeti ndogo kwa ajili ya Kidabaga kikiuzwa kwa mkulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni, kitakosa petroli ya kutosha katika hewa ile nzito, na pistoni inaweza kutoboka. Muuzaji mwaminifu atamweleza mnunuzi habari hiyo na kumkabidhi jeti ya awali. Mnunuzi naye aiulizie.

Tano, mwenye chombo azingatie gia. Gia haitengenezi nguvu. Hubadilisha mwendo kuwa mvuto. Uwiano wa meno ukibadilishwa ili mvuto uongezeke kwa asilimia 10, mwendo wa juu kabisa hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kwa njia za milimani mabadilishano hayo yana faida, kwa kuwa nguvu huongezeka pale inapohitajika na mwendo hupungua pale unapohatarisha. Toyo nyingine zina gia ya ziada ya mlima tangu kiwandani. Mara nyingi tatizo ni kwamba imeharibika na haijatengenezwa.

3. Marekebisho yanayodhuru

Kuondoa chujio ili injini "ivute hewa" ni kuingiza mchanga katika silinda. Nafuu huonekana kwa siku chache, lakini ringi huanza kulika tangu safari ya kwanza.

Kutoboa au kuondoa sailensa huongeza kelele, na sikio hudanganyika kuwa nguvu imeongezeka. Pia hubadilisha mchanganyiko wa hewa na petroli ambao fundi amekwisha kuupima.

Kuchonga silinda na kuweka pistoni kubwa zaidi ni tiba halali ya silinda iliyolika, lakini si njia ya kuongeza nguvu. Silinda yenye kipenyo cha milimita 63 ikiongezwa nusu milimita, ujazo wake hukua kwa chini ya asilimia 2. Mtumiaji anayelipa gharama hiyo alipie matengenezo, wala asiuziwe ahadi ya mbio.

Kuongeza majani ya springi huinua sanduku la mizigo na kumtia mwenye chombo ujasiri wa kupakia kupita kiasi. Fremu, ekseli na breki hubaki zilezile. Uzito ulioandikwa katika kibati cha mtengenezaji hauongezeki kwa sababu springi zimeongezwa.

Lililo baya kuliko yote ni kuchomelea difu ili magurudumu yote mawili ya nyuma yasukume pamoja katika tope la masika. Sehemu inayofuata inaeleza sababu.

4. Funzo kutoka Marekani

Mwaka 1970 kampuni ya Honda ilianza kuuza Marekani pikipiki ya magurudumu matatu yenye matairi manene, iliyokusudiwa kwenda mahali pasipo na barabara. Ilipendwa sana, na kampuni nyingine zikaiga. Hata hivyo, majeruhi na vifo viliongezeka, wakiwamo watoto wengi. Mwaka 1988, kwa makubaliano yaliyothibitishwa mahakamani kati ya Serikali ya nchi hiyo na watengenezaji, uuzaji wa vyombo vipya vya aina hiyo ulikoma. Sheria ya mwaka 2008 ikapiga marufuku uingizaji na uuzaji wake mpaka pale kiwango cha lazima cha usalama kitakapowekwa.

Kasoro haikuwa mbio peke yake. Ilikuwa pia katika umbo. Chombo chenye gurudumu moja mbele husimama juu ya pembetatu. Kikikunja kona huku kikifunga breki, uzito husukumwa mbele na pembeni kwa pamoja, yaani upande ule ambao pembetatu ni nyembamba na hakuna gurudumu la kuupokea. Isitoshe, ekseli ya nyuma ya vyombo vile ilikuwa gogo moja lisilo na difu. Kwenye kona gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani. Yakilazimishwa kuzunguka sawa, chombo hukataa kukunja na husukuma kwenda mbele moja kwa moja.

Toyo ina umbo hilohilo la pembetatu, ila imeokolewa na difu. Anayeichomelea difu hurudisha kwa mikono yake kasoro ile, tena akiwa na magunia ya viazi mgongoni na korongo pembeni ya njia. Penye tope, dawa ni kupunguza mzigo, kufunga matairi yenye meno, au kuzungushia minyororo.

Umbo hilo latufundisha pia namna ya kupakia. Mzigo mzito ukae chini na katikati, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukikaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi wakati wa kupanda, na usukani hupoteza utii.

5. Breki kwanza, nguvu baadaye

Watu huomba nguvu kwa ajili ya kupanda, lakini hatari kubwa iko katika kushuka. Tufanye hesabu. Chombo na mzigo wake vikiwa na uzito wa kilo 1,000, na njia ikishuka kwa kimo cha mita 100, joto linalopaswa kumezwa na breki, iwapo dereva ameweka gia huru, latosha kuchemsha takriban lita tatu za maji. Joto hilo lote hukusanyika katika ngoma chache za breki. Bitana zikichemka hupoteza ushikaji, na dereva hukanyaga bila kupata jibu.

Mwendo nao huzidisha hatari. Ukiongezeka kutoka kilomita 30 hadi 45 kwa saa, nishati inayopaswa kuzimwa na breki huwa mara 2.25 ya ile ya awali. Kwa hiyo kila fedha inayotengwa kwa ajili ya injini itanguliwe na bitana mpya, ngoma zilizokaguliwa, mafuta safi ya breki ikiwa mfumo ni wa mafuta, na breki ya mkono inayoshika. Dereva naye ashuke kwa gia ileile ambayo angeitumia kupanda. Injini imsaidie kuzuia.

6. Makubaliano na fundi, na wajibu wa kisheria

Kabla ya kazi, mtumiaji aombe makadirio ya maandishi yanayotaja kila kipuri na bei yake. Vipuri vilivyotolewa arudishiwe, ajiridhishe kwamba kweli vimebadilishwa. Adai risiti, kwani bila risiti madai huwa magumu kuthibitishwa. Asiyemjua fundi wa kuaminika aweza kuomba ushauri katika chuo cha VETA kilichopo Iringa.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 humlinda mtumiaji dhidi ya maelezo ya kupotosha, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, yakiwamo yanayohusu bidhaa bandia. Shirika la Viwango Tanzania hushughulikia ubora wa bidhaa. Kwa mali iliyonunuliwa, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara kwa matumizi aliyoelezwa na mnunuzi yapasa kufaa kwa matumizi hayo.

Mwenye chombo naye ana wajibu. Akinunua chombo kuukuu, alinganishe namba ya fremu na ya injini na zilizomo katika kadi ya usajili. Injini ikibadilishwa, Mamlaka ya Mapato ijulishwe ili kadi irekebishwe. Kampuni ya bima nayo ijulishwe kuhusu badiliko lolote kubwa. Bima iliyokatwa kwa chombo kimoja, kisha kikageuzwa kuwa kingine, yaweza kuleta mgogoro siku ya ajali. Hatimaye, sanduku la toyo limetengenezwa kwa mizigo. Kuliwekea mabenchi ya abiria si marekebisho. Ni kuweka rehani maisha ya watu.

7. Maswali ya kujipima

(a) Toyo yako inatoa moshi mweusi ukanda wa juu, lakini Ruaha Mbuyuni ilikuwa ikienda vizuri. Chanzo ni nini, na utaanza na hatua ipi kabla ya kugusa jeti?

(b) Fundi anakuahidi kwamba pistoni iliyozidi kwa nusu milimita itaongeza nguvu maradufu. Utamjibu nini kwa hesabu?

(c) Una fedha za kutosha ama kwa kabureta mpya ama kwa bitana na ngoma za breki. Njia yako ina mteremko mrefu. Utachagua kipi, na kwa sababu gani?

(d) Jirani anataka kuchomelea difu kabla ya masika. Mweleze hatari yake, kisha mtajie njia mbili za kupita kwenye tope bila kufanya hivyo.

Mtumiaji anayeweza kujibu maswali haya manne bila kurejea kurasa zilizotangulia yuko tayari kwenda gereji. Asiyeweza, na asome tena sehemu ya nne na ya tano kabla hajatoa malipo ya awali.