Meno ya Kwanza ya Mtoto: Somo kwa Wazazi wa Bonde la Kilombero

Mtoto anapozaliwa huonekana hana meno, lakini ndani ya mataya yake meno yote ishirini ya utotoni yamekwisha kuanza kuumbwa. Kazi hiyo ilianza mtoto akiwa bado tumboni. Meno mawili ya mbele ya chini hutangulia kuchomoza, aghalabu kati ya mwezi wa sita na wa kumi, na mtoto afikapo miaka miwili na nusu au mitatu safu zote mbili huwa zimetimia. Meno ya mbele huanza kung'oka karibu na umri wa miaka sita, lakini magego ya nyuma humtumikia mtoto hadi afikishe miaka kumi au kumi na miwili.

Katika nyumba nyingi za Ifakara na vijiji vinavyoizunguka, kama ilivyo kwingi nchini, meno haya huangukiwa na hukumu mbili zinazopingana. Kabla hayajachomoza, huweza kushukiwa kuwa ni adui wa mtoto. Yakishachomoza, huhesabiwa kuwa ni ya muda tu, ya kurushwa juu ya paa siku yatakapotoka. Hukumu zote mbili humdhuru mtoto, na ile ya kwanza huweza kumuua.

Yaitwayo meno ya nailoni

Tangu miaka ya 1980 imeenea katika mikoa mingi ya Tanzania imani kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga huletwa na meno mabovu yaliyojificha katika ufizi, yaitwayo meno ya plastiki au meno ya nailoni. Imani hii haina mipaka ya nchi wala kabila: nchini Uganda huitwa *ebiino*, nchini Sudan hujulikana kwa jina la *haifat*, na nchini Kenya imeelezwa miongoni mwa Wamasai. Tiba yake ni moja kila mahali. Ufizi hupasuliwa kwa kisu, msumari ulionolewa au spoku ya baiskeli, na chipukizi la jino, mara nyingi la chonge, huchokolewa na kutolewa.

Si haki kuwacheka wanaoamini hivyo, kwa maana wanachokiona ni kitu cha kweli, ila maelezo yake ndiyo yaliyopotoka. Mtoto wa miezi mitano au sita huwa na uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali chonge linapoumbwa. Chonge huchelewa kuchomoza, kwa kawaida baada ya mwezi wa kumi na sita, hivyo katika umri huo bado halijakomaa. Likitolewa huonekana jeupe, laini na lenye kubonyea, na mama akioneshwa huamini kwamba hilo kweli si jino la kawaida. Jino lolote lililotolewa kabla ya wakati wake lingeonekana hivyo hivyo.

Homa na kuharisha navyo vina sababu zake. Karibu na mwezi wa sita kinga aliyoipata mtoto kutoka kwa mama huwa imepungua sana. Huo ndio wakati anapoanza kula uji, kutambaa na kutia kinywani kila kilicho sakafuni. Katika bonde lenye mito na majaruba ya mpunga, huo pia ni wakati ambapo malaria humpata akiwa na kinga ndogo. Kwa kuwa meno huanza kuota katika miezi hiyo hiyo, meno ndiyo hulaumiwa. Kuharisha kwa virusi kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, na kukiisha baada ya ufizi kupasuliwa, sifa humwendea aliyepasua.

Madhara yake hayaishii siku ile. Kifaa kichafu huweza kupitisha vimelea vya pepopunda, virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini, na vijidudu vinavyoingia katika damu na kuisumisha. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa damu kwa malaria hupoteza nyingine. Kibaya zaidi, siku zilizotumika kumtafuta mtoa meno ni siku ambazo malaria au upungufu wa maji mwilini uliachwa uendelee. Anayepona hubaki na pengo, na chonge la kudumu, lililokuwa likianza kuumbwa jirani na lile la utotoni, huweza kuota likiwa limepinda, lina kasoro au lisiote kabisa.

Kuota meno humfanya mtoto atokwe na udenda, atafune vitu na alie kidogo. Hakuleti homa kali, wala hakumharishi mtoto hadi macho yakadidimia. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya.

Jino huozaje

Hukumu ya pili ni ya upole, na kwa sababu hiyo ni ngumu zaidi kuivunja. Mzazi huona weusi kwenye jino la mwanawe, naye hujiambia kuwa litatoka tu. Litatoka kweli. Lakini gego la utotoni likioza mtoto akiwa na miaka mitatu, mbele yake kuna miaka saba au zaidi ya kulihitaji. Katika miaka hiyo atalala akilia, atatafuna upande mmoja, atakataa chakula kigumu na pengine hatanenepa ipasavyo. Usaha wa jino la utotoni huweza kuharibu jino la kudumu linaloumbwa chini yake. Na likitolewa mapema, majirani husogea na kuziba nafasi, na jino la kudumu likija hukuta njia imefungwa.

Kinywani huishi bakteria wengi ambao hujenga utando laini juu ya meno. Baadhi yao hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huchota madini kutoka katika enameli, lile gamba gumu la nje. Kila sukari inapoingia, asidi hukaa kwa takriban nusu saa, wakati mwingine zaidi, kabla mate hayajaizimua na kuanza kurudisha madini yaliyotoka. Jino la mtoto anayekula kitu kitamu mara moja kwa siku, pamoja na mlo, lina muda mrefu wa kujitengeneza. La mtoto anayelamba pipi asubuhi, biskuti saa nne, juisi mchana na aiskrimu ya kifuko jioni halipati nafasi hiyo, hata kama jumla ya sukari aliyokula ni ndogo. Enameli ya jino la utotoni ina unene wa takriban nusu ya ile ya jino la kudumu, hivyo tundu hufika upesi kwenye kiini chenye mishipa ya fahamu.

Bonde hili linajua sukari kuliko mabonde mengi. Upande wake wa kaskazini, kandokando ya Mto Ruaha Mkuu, kuna mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vya Kilombero, na mtoto huweza kukua akitafuna muwa tangu meno yanapomwezesha. Muwa wenyewe si mkosaji mkuu. Nyuzinyuzi zake huchochea mate, na hauganda kwenye meno kama biskuti au pipi. Ukiliwa baada ya chakula na kufuatiwa na maji, hauna neno kubwa. Unaofyonzwa kutwa nzima ndio wenye madhara. Uji wa mtoto wa chini ya miaka miwili hauhitaji sukari hata kidogo, maana mtoto asiyezoeshwa haidai. Kuhusu soda, nyingi zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa ya mililita 350 hubeba karibu vijiko vinane vya chai. Daraja la Mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018, limewaondolea wagonjwa wa Ulanga na Malinyi taabu ya kusubiri pantoni. Barabara hiyo hiyo ndiyo inayopitisha makreti ya soda.

Maziwa ya mama yahitaji neno la tahadhari, lisije likaeleweka vibaya. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita ya kwanza, kisha aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kunyonya humwokoa mtoto, na hakuna jino linalostahili kubadilishwa na faida hiyo. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ziliona uozo mkali wa meno ya mbele ya juu kwa baadhi ya watoto waliokuwa wakilala usiku kucha chuchu ikiwa kinywani. Usingizini mate hupungua, na maziwa hubaki yametuama juu ya meno. Meno yakishachomoza, mama amnyonyeshe mwanawe ashibe, kisha amtoe titi taratibu anapopitiwa na usingizi. Chupa yenye juisi au chai ya sukari isiingie kitandani kamwe.

Kiasi cha punje ya mchele

Kupiga mswaki huanza siku jino la kwanza linapoonekana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu kukomesha uozo wa meno utotoni unapendekeza dawa ya meno yenye floridi ya kati ya 1000 na 1500 ppm, kipimo ambacho aghalabu huandikwa kwenye tyubu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi chake ni sawa na punje ya mchele, kipimo ambacho mkulima wa Kilombero hahitaji kufundishwa. Kuanzia miaka mitatu hadi sita kiasi huongezwa, kifikie ukubwa wa punje ya njegere.

Punje hiyo ina uzito wa takriban sehemu moja ya kumi ya gramu, kwa hiyo tyubu ya gramu 100 humtosha mtoto mmoja kwa zaidi ya mwaka, akipigwa mswaki mara mbili kwa siku. Hakuna haja ya kununua dawa maalumu ya watoto ikiwa ile ya familia ina floridi ya kutosha. Baadhi ya dawa zinazotangazwa kuwa ni za mitishamba hazina floridi kabisa, hivyo maandishi yasomwe kabla ya fedha kutolewa. Mswaki wa mti nao husafisha vizuri kwa mtu mzima mwenye mkono uliozoea, lakini ufizi wa mtoto wahitaji mswaki laini wenye kichwa kidogo.

Wako wanaoiogopa floridi kwa sababu wameona meno ya kahawia ya wenyeji wa baadhi ya sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Rangi ile hutokana na kunywa maji yenye floridi nyingi mno katika miaka ambayo meno ya kudumu yanaumbwa. Punje ya mchele inayopakwa na kutemwa haifanani hata kidogo na maji hayo.

Mzazi aketi, amlaze mtoto kichwa kikiwa pajani pake, ainue mdomo wa juu kwa kidole na kusugua taratibu pale jino linapokutana na ufizi. Baadaye mtoto ateme povu tu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki ikifanya kazi, hasa usiku. Mtoto wa miaka minne atapenda kushika mswaki mwenyewe, naye aachiwe, lakini mkubwa arudie. Hadi miaka saba au minane mkono wa mtoto haujawa na ustadi wa kutosha.

Utaratibu huu huvunjika zaidi msimu wa kilimo. Mvua zikianza, familia nyingi za wakulima wa mpunga huhamia mashambani, mbali na kijiji, na kukaa katika vibanda hadi mavuno. Mswaki na dawa husahaulika nyumbani, na mtoto huachwa na dada yake mdogo ambaye humnyamazisha kwa kitu kitamu. Miezi hiyo yatosha kabisa kwa doa dogo kuwa tundu. Mswaki ufungwe ndani ya mzigo ule ule wenye chandarua.

Kuinua mdomo

Uozo hauanzi na weusi. Huanza na mstari mweupe usio na mng'ao, kama chaki, karibu na ufizi wa meno ya mbele ya juu. Katika hatua hiyo, floridi na kupunguza vitu vitamu huweza kuurudisha nyuma pasipo kutoboa jino. Mama atauona mstari huo iwapo tu atainua mdomo wa mwanawe na kuangalia, jambo la nusu dakika, mara moja kwa mwezi. Muuguzi huweza kufanya vivyo hivyo siku ya kliniki, mtoto aletwapo kuchanjwa surua na rubela akiwa na miezi tisa, na tena miezi kumi na minane.

Tundu likishatokea, bado tiba si koleo peke yake. Ipo njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa zana za mkono, bila mashine wala umeme, kisha kuziba kwa saruji inayotoa floridi. Njia hiyo, ambayo leo hutumika duniani kote, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Ipo pia dawa ya maji ya floridi yenye madini ya fedha ndani yake, ambayo hupakwa juu ya tundu na kuusimamisha uozo. Hulitia jino weusi wa kudumu, na mzazi hupaswa kuelezwa hilo mapema. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na saruji ile na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Lakini mtoto mwenye uvimbe shavuni au chini ya taya pamoja na homa asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lipo jino moja ambalo huwapita hata wazazi waangalifu. Karibu na umri wa miaka sita, gego la kwanza la kudumu huchomoza nyuma kabisa ya magego ya utotoni. Hakuna jino linalotoka kulipisha, hivyo nyumbani hudhaniwa kuwa nalo ni la utotoni, na hupuuzwa hadi lioze. Mtoto anapojiandaa kuingia darasa la kwanza, mzazi amfumbue kinywa mwangani na kuhesabu meno ya chini kuanzia katikati kwenda upande mmoja. Nafasi tano za kwanza ni za meno ya utotoni na warithi wake. Jino la sita ndilo atakalolitafunia hadi uzeeni.