Goti la Mwanamichezo: Siku Mbili za Kwanza Nyumbani

Mtoto amerudi jioni kutoka uwanjani Mukuyuni akichechemea, mkono begani mwa mwenzake. Maji yanachemka jikoni, na susu, bibi yake, ameshatoa mafuta ya kukandia. Epueni maji hayo. Goti lililoumia leo halikandwi, halivutwi wala halichomwi kwa maji ya moto. Huenda ndani linavuja damu, na joto huzidisha uvimbe.

Mlazeni, mguu uinuliwe juu ya mito. Penye barafu, ifungeni kwenye kitambaa na kuiweka gotini kwa dakika 15 hadi 20, kisha mrudie baada ya saa mbili au tatu. Pasipo friji, kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi kinafaa. Kibadilisheni kila kinapopata joto. Bendeji isibane: vidole vikifa ganzi, ilegezeni.

Msingoje kesho

Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo akishindwa kupiga hatua nne, goti likikwama, au kama alisikia kitu kikikatika na likavimba ndani ya saa chache. Mguu ukiwa baridi au umepauka, au goti likiwa la moto naye ana homa, ni dharura hata usiku wa manane.

Eksrei huonyesha mfupa. Kano na gegedu hazionekani humo, kwa hiyo "picha ni safi" haina maana kwamba goti ni zima. Likiendelea kulegea au kuvimba, rudini, muulize kuhusu daktari wa mifupa.

Kila mchezo na goti lake

Kwenye kandanda, njumu hunasa ardhini, mwili ukageuka, goti likabaki. Kwenye voliboli na netiboli, hatari ni kutua. Wasichana hukatika kano ya mbele ya goti zaidi ya mara mbili kuliko wavulana wa mchezo uo huo, na bado makocha wengi huwafundisha kuruka tu. Mazoezi ya kupasha mwili yaitwayo FIFA 11+, dakika 20 angalau mara mbili kwa wiki, hupunguza majeraha kwa takriban theluthi moja. Humo mchezaji hujifunza kutua magoti yamekunjwa, yasiingie ndani.

Mkimbiaji wa vilima vyetu huumia polepole, hasa kwenye mteremko. Apumzike mapema. David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa 2012, aliumia goti mwaka 2013 akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Alirudi, akashinda Beijing 2015 na Rio 2016. Kwa aliyekatika kano ya mbele akafanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani huchukua miezi tisa au zaidi.

Uvimbe usiotokana na kuumia

Kinundu kigumu chini ya goti la mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayekimbia sana mara nyingi ni cha ukuaji, wala si kurogwa. Lakini uvimbe unaozidi kukua, na maumivu yanayomwamsha usiku, huweza kuwa saratani ya mfupa. Huo upigwe eksrei wiki hiyo hiyo, kabla mkono wa mkandaji haujaugusa.