Usiache Kusoma kwa Kuogopa Kodi ya Nyumba

Somo la leo ni la mama au baba anayelea watoto peke yake, anayeishi kwa vocha ya nyumba ya Section 8, na ambaye angependa kusomea kazi yenye leseni.

Mama mmoja wa watoto watatu aliniambia hivi: "Dada, kazini wananishauri nisomee uuguzi wa LPN. Lakini mshahara ukipanda, kodi itapanda na vocha wataichukua. Afadhali nibaki CNA." Hofu yake ina msingi, kwa sababu kodi kweli hupanda. Ila kuna mambo ambayo hakuna aliyekuwa amemweleza.

Kodi inahesabiwaje?

Kwa kawaida mwenye vocha hulipa karibu asilimia 30 ya mapato ya mwezi, baada ya kuondoa makato yanayoruhusiwa. Sehemu inayobaki hulipwa na ofisi ya nyumba, ile ambayo kwenye barua huitwa Housing Authority.

Tuchukue mfano. Ukiwa CNA, mapato yako baada ya makato ni dola 1,600. Unalipa dola 480. Ukishakuwa LPN, mapato yanafika dola 3,000. Unalipa dola 900. Kodi imeongezeka kwa dola 420, lakini mapato yameongezeka kwa dola 1,400. Hujapata hasara.

Na vocha je? Hata msaada wa kodi ukishuka hadi sifuri, haukatwi siku hiyo hiyo. Una siku 180. Mapato yakipungua ndani ya siku hizo, toa taarifa mara moja ili msaada urudishwe.

Akiba ya FSS

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilianzisha mpango uitwao Family Self-Sufficiency, kwa kifupi FSS. Unajiunga kwa hiari. Unasaini mkataba, kwa kawaida wa miaka 5, na kuandika malengo yako, kwa mfano kumaliza chuo na kupata leseni. Kodi ikipanda kwa sababu ya mshahara wako, ofisi inakuwekea fedha kwenye akaunti ya akiba. Kwenye karatasi utaiona ikiitwa escrow.

Kwa mfano wetu, zile dola 420 za nyongeza zinaweza kuwekwa kila mwezi. Kwa miezi 24 ni dola 10,080. Ukitimiza malengo, ukiwa na kazi, na hakuna mtu katika familia anayepokea msaada wa fedha taslimu wa TANF, fedha hizo ni zako. Ukiacha njiani, kwa kawaida unaipoteza akiba, lakini hawawezi kukunyang'anya vocha kwa sababu hukumaliza FSS.

Saini kabla mshahara haujapanda

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Akiba huhesabiwa kuanzia kodi uliyokuwa ukilipa ulipojiunga. Ukisaini ukiwa unalipa dola 480, kila nyongeza ya baadaye inahesabika. Ukisubiri hadi unalipa dola 900, unaanzia hapo, na zile dola 420 hazirudi nyuma. Nimempokea baba mmoja aliyekuja baada ya kupandishwa mshahara. Alijiunga, lakini sehemu kubwa ya akiba ilikuwa imeshampita. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: mkataba kwanza, masomo yafuate, mshahara uje mwisho.

Malezi ya watoto

Kama unamlipa mtu akulelee mtoto aliye chini ya miaka 13 ili wewe ufanye kazi au usome, gharama hiyo inaweza kuondolewa kwenye mapato yako. Ukilipa dola 300 kwa mwezi, kodi inaweza kupungua kwa dola 90. Lakini lazima uwe na risiti. Ukimpa jirani fedha mkononi bila karatasi, ofisi haiwezi kuzihesabu.

Hatua za kufuata

1. Piga simu ofisi ya nyumba uulize: "Je, mna mpango wa FSS?" Si ofisi zote zinao. Omba mkalimani, usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya mkataba.
2. Kabla ya kusaini, hakikisha mapato yaliyoandikwa ni yale unayopata sasa.
3. Mapato au idadi ya watu nyumbani ikibadilika, toa taarifa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye barua zako. Baki na nakala yenye tarehe. Kuficha mapato ndiko kunakopoteza vocha, na unaweza kudaiwa fedha zilizolipwa zamani.
4. Ukikwama na ada ya shule, uliza kama unaweza kutoa sehemu ya akiba mapema. Ofisi nyingine huruhusu.

Yule mama alisaini mkataba wiki tatu kabla ya darasa lake la kwanza. Bado anasoma, na usiku bado anachoka. Lakini sasa barua ya ofisi ya nyumba ikifika, anaifungua siku hiyo hiyo.

Zoezi la nyumbani: Chukua barua yako ya mwisho kutoka ofisi ya nyumba. Tafuta namba tatu: mapato yaliyoandikwa, kodi unayolipa, na tarehe ya mapitio yajayo. Ukikosa hata moja, njoo nayo tuisome pamoja.