SOMO LETU: MSALABA UNATUKWAZA WAPI?

Soma: 1 Wakorintho 1:18–31, Wafilipi 2:5–8

Wapendwa, siku hizi msalaba tunauvaa shingoni na kuuweka juu ya paa la kanisa. Tumeuzoea. Lakini watu wa Korintho walipousikia kwa Paulo, karibu mwaka 50 B.K., wengi waliona ni upuzi. Kwa nini?

Warumi waliubomoa mji huo mwaka 146 K.K., ukajengwa tena mwaka 44 K.K. Wengi wa waliohamishiwa huko walikuwa watumwa walioachiliwa huru. Biashara ikawainua, na watu wa mji wakapenda sana cheo na sifa. Msalaba nao ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Mwaka 71 K.K., baada ya uasi wa Spartacus, Warumi walisulubisha watumwa kama 6,000 kando ya barabara iendayo Rumi. Hebu fikiri: ukoo umetoka utumwani juzi, halafu unaambiwa Mwokozi alikufa kifo cha mtumwa!

Na sisi je? Harambee tunaijua. Majina yanasomwa, kiasi kinatajwa, makofi yanapigwa. Mwenye kutoa nyingi anaketi mbele. Lakini pale msalabani hakuna orodha ya michango. Deni limelipwa lote, na aliyelipa si sisi. Hapo ndipo panapouma: hatuna cha kutajiwa. Mwenye gari na mwenye jembe wanapokea sawasawa, mikono mitupu.

Kiburi hakikatai kusaidiwa kidogo. Kinakataa kusaidiwa kabisa.

Basi tujipime katika kazi zetu. Kwenye kamati ya maji, je, neno la mjane asiye na shamba linaandikwa kama la mwalimu mkuu? Tukimpelekea jirani mahindi wakati wa njaa, ni lazima mkutano mzima ujue? Kama ndivyo, msalaba bado unatukwaza, hata tukiuimba kila Jumapili.

Maswali ya kujadiliana
1. Katika kikundi chetu, ni nani huwa hasikilizwi? Kwa nini?
2. Kipi ni kigumu zaidi kwako: kutoa au kupokea?
3. Mwezi huu tutabadilisha jambo gani moja katika mikutano yetu?

Mfunge kwa maombi, na anayeomba awe yule ambaye haombwi kuongoza.